Mume Wangu Dereva Anamtibu Mamake kwa Kitovu cha Mwanangu

Admin, jina langu lisionekane popote, maana mume wangu anafuata ukurasa huu na hupenda kuwapa wenzake mawaidha.

Nina miaka 29, naishi Mtongwe, mtoto wangu wa kwanza ana miezi miwili. Mume wangu ni dereva wa kituo cha taifa cha utafiti wa seli shina, zile chembe changa za mwili zinazoweza kuota kuwa kiungo kingine. Dereva, jamani! Lakini kitambulisho cha shingoni hakivui hata akienda msikitini, na majirani wakimwita daktari anaitika.

Siku moja garini aliwasikia wataalamu wakisema damu ya kitovu cha mtoto mchanga ina seli za ajabu. Basi hapo akahitimu. Kitovu cha mwanangu kilipodondoka nilitaka tukizike uani, kama cha babake kilivyozikwa. Akakataa. Akakikausha, akakisaga, akakichanganya na asali, anampa mamake mwenye sukari na kidonda mguuni. Asali, kwa mgonjwa wa sukari! Kisha akamkataza sindano na kliniki, eti asizivuruge seli.

Nilimuuliza mtafiti mmoja wa kituoni aliyekuja kumwona mtoto. Alidhani namtania. "Dada, sisi bado tunatafiti, hakuna dawa tuliyotoa. Mrudisheni mama hospitali leo."

Nilipomwambia mume wangu, akacheka. "Yule ajua vitabu tu. Mimi niko nao kila siku. Wewe wajua nini?"

Jana nikimwosha mama mguu, kidole gumba kilikuwa cheusi na hakusikia nilipokigusa. Bingwa wetu akainama, akatazama, akasema seli mpya zinaota. Nilitamani kumtemea mate. Ameapa wallahi nikimpeleka mamake hospitali, talaka yangu ninayo.

Mama huyu ndiye aliyenikanda na kunipikia arubaini yangu yote, akichechemea. Leo asubuhi nilipomwambia twende, alinishika mkono.

"Nifunike mguu, mwanangu. Najua ile si dawa. Lakini mbele za watu wote hawa wamwitao daktari, nitamwaibishaje?"

Nimemfunika. Mume wangu yuko safarini, anarudi kesho jioni. Nimbebe mama kwa nguvu nipoteze ndoa, au nitii, mguu uoze kwa ajili ya heshima ya mpumbavu? Ndugu zangu, nishaurini, na mnishauri leo.