Moto wa Mzazi Kule Kisiwani

Mimi shule niliiachia darasa la pili, na aliyenitoa ni baridi, si mwalimu. Kwetu juu, upande wa mlima Shengena, mwezi wa saba ukungu unaingia darasani kama mtu aliyeitwa. Vidole vinakufa, kalamu inaanguka. Nikaona bora nikae jikoni kwa mama. Basi mkiona nimeandika vibaya, laumuni ukungu.

Na ukungu wenyewe una tabia. Huoni kitu, unasikia tu. Unasikia jembe linalima, mlimaji hayupo. Mtu anakohoa karibu kabisa na sikio lako, ukigeuka ni weupe mtupu. Wazee walitukanya: ukiitwa ndani ya ukungu usiitike mpaka uone uso. Mpaka leo, watu wazima na ndevu zetu, tunakutana njiani tunasimama kimya, kila mmoja anamngoja mwenzake atokeze kwanza.

Mjukuu wangu mkubwa amenionyesha kwenye simu nchi ambazo maji ya mtoni yanakuwa jiwe, na nyingine za mchanga ambako watu wanajifunika mpaka pua. Nikamwambia, sisi vyote tunavyo, katikati ni mwendo wa pikipiki tu.

Nilitaka kusema habari ya pikipiki hiyo.

Binti yangu wa mwisho ameolewa Kisiwani, chini tambarare. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza tukapigiwa simu, maana kwetu uzazi wa kwanza mama mzaa binti ndiye anayekwenda kulea. Mke wangu akafunga mzigo: tangawizi, maharage, blanketi zito, na kuni. Ndiyo, kuni. Kwetu mzazi analazwa chumbani na moto, mlango umefungwa, baridi isimwingie mifupani. Mke wangu alifanyiwa hivyo, mama yake alifanyiwa hivyo.

Kijana wa bodaboda alitupakia mishikaki, kuni nyuma.

"Shikamoo babu. Blanketi hilo Kisiwani la nini?"

"Marahaba. La mzazi."

"Bibi, huyo mzazi kakukosea nini?"

"Endesha pikipiki yako," mke wangu akamjibu. "Uzazi utaujulia wapi wewe?"

Tukafika. Mke wangu akaingia chumbani, akawasha moto, akafunga mlango na dirisha. Mimi baba siingii chumba cha mzazi, kwa hiyo nilikaa nje ukutani, kwenye kivuli chembamba kama mkanda. Pembeni yangu alikuwepo mama wa mkwe wangu, naye tunaitana mkwe, mwanamke wa huko huko chini, mfugaji, anapepeta mchele wa Ndungu. Moshi ulikuwa unatoka juu ya mlango. Akautazama sana.

"Mkwe, huko kwenu mnavundika watoto kama ndizi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Si umwambie mwenzako?" nikasema.

"Chumba ni chake. Nikimzimia moto, kesho mtasema nimefukuza mgeni."

Jua likafika utosini. Hapo ndipo nilipoijua Kisiwani. Mbwa walikuwa wamechimba mashimo wamelala humo, kama waliozikwa nusu. Kuku wamepanua midomo, sauti haitoki. Kule barabarani maji yalitandaa, na maji hakuna. Juu ya maji hayo nikaona mtu anakuja. Hana miguu. Anatembea, anatembea, hafiki. Ukunguni nimezoea kusikia bila kuona. Hapa niliona bila kusikia, hata unyayo.

"Nani yule?"

"Usimtazame sana," mkwe akasema bila kuinua uso. "Saa hizi wanapita wengi."

Nikainamisha macho. Kimya kile ndicho kilichonishtua. Asubuhi mtoto alikuwa analia mpaka anakera.

"Mkwe, mtoto amelia lini?"

Ungo ukamtoka mkononi. Nikaita mlangoni, "Mama, mtoto vipi?"

Mke wangu akajibu kwa kunong'ona, "Shii! Amelala vizuri. Hata hatikisiki."

Mkwe hakungoja tena. Alisukuma mlango akatoka na mtoto. Mtoto alikuwa mkavu, wa moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, macho nusu wazi, hayatutazami sisi. Mke wangu akamfuata na blanketi.

"Mrudishe! Utamtia baridi!"

"Baridi iko wapi, mkwe? Nionyeshe niikamate mimi!"

Akamvua nguo, akachovya khanga mtungini, akampangusa kichwa, kwapa, miguu, akampepea kwa ungo. Akapangusa tena. Binti yangu akatoka anayumba, uso umemwiva, akakaa chini akampa ziwa. Mtoto hakulishika. Mke wangu alikuwa amesimama juani amelikumbatia blanketi, na juani pale nilimwona anatetemeka. Nikageuka barabarani, yule mtu alikuwa amesimama.

Kisha mtoto akalia. Kilio chembamba, kama mlango wenye kutu. Jogoo akajibu, mbwa akatoka shimoni, na nilipotazama tena barabara ilikuwa barabara, haina maji wala mtu.

Tulimkimbiza zahanati. Muuguzi akamhudumia, akaamuru moto ule uzimwe. Tuliporudi mke wangu aliuzima mwenyewe. Kuni zilizobaki zikapikia makande, akampakulia mkwe kwanza.

Mwezi wa saba binti yangu akaja kwetu na mtoto mgongoni. Asubuhi moja alitoka naye kwenda kwa jirani, ukungu umefunika mpaka kizingiti. Mara tukasikia mtoto analia huko nje, karibu, hatumwoni. Unajua kilio cha ukunguni, hakina upande.

Nikamshika mke wangu mkono. "Usiitike mpaka uone uso."

"Niache. Analia, unasikia? Analia!" Akalivuta lile blanketi kitandani, akaingia ukunguni anaitika kwa sauti kubwa: "Nipo, bibi yako nipo! Lia tu, nakuja!"