Sanduku la Posta la Mlima Mzima

Sijawahi kumdharau mtu nisiyemjua sura kama nilivyomdharau bwana mmoja wa ng'ambo aliyeongoza programu huria iliyoandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta. Huria maana yake msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwatumia wenyewe rekebisho lake. "Karibuni wote," ilisema tovuti yao. Kazi ya programu ilikuwa kusafisha orodha za watu. Ikikuta mtu kaandikwa mara mbili, inamfanya mmoja.

Mwaka 2007 nilikuwa nimeajiriwa Nakuru na chama cha wakulima wa viazi. Nikapitisha majina ya wanachama wa Keringet, kule mlimani, kwenye programu hiyo, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, mlima mzima ulikuwa umebaki na watu wachache kuliko kwaya ya kanisa. Programu iliamini kwamba wenye jina moja la kwanza na anwani moja ni mtu mmoja. Sasa, majina ya ubatizo kule ni yale yale, na anwani ya kila mtu ni sanduku la posta la shule ya msingi. Barua humwendea mwalimu mkuu, naye huwapa watoto wazipeleke nyumbani. Sisi sote tulikua hivyo. Kama si shuleni, barua zilipitia kanisani au dukani kwa Mhindi mjini.

Nikaandika mistari michache: anwani ikiwa sanduku la posta, programu ilinganishe majina yote matatu kabla ya kumgusa mtu. Nikaituma kutoka saiba, duka la intaneti, kifua mbele. Bwana mkubwa akajibu kwamba nimetumia kitufe cha tab mwanzoni mwa mistari badala ya kuacha nafasi nne. Nikarekebisha, nikaibandika kwenye barua pepe, nayo ikazimeza nafasi zote za mwanzo wa mistari. Python bila nafasi hizo haina kichwa wala mkia. Akanitumia kikatuni kinachocheka. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mwenyeji alitaka kwanza kukagua soksi za mgeni.

Mara ya tatu akaisoma, akaikataa. Watu wasiohusiana hawatumii anwani moja, aliandika. Data yako ni chafu, kaisafishe. Wenzake wakampongeza kwa subira yake. Data chafu! Mtu ambaye hajawahi kukanyaga matope ya Keringet ananifundisha uchafu. Nikaacha kutwanga maji kwenye kinu, nikabaki na mistari yangu kwenye kompyuta ya chama.

Kisha uchaguzi ukapita, na mwanzoni mwa 2008 wale wakulima niliowajua kwa majina wakawa kwenye mahema Nakuru, wamefukuzwa makwao na ghasia. Nilienda kusaidia parokia iliyokuwa ikigawa blanketi. Karani wao alikuwa ameandikisha watu kwa anwani walizotoka nazo, na ili kuisafisha orodha akatumia programu ile ile, aliyoitoa mtandaoni ikiwa na upofu wake wote.

Mama mmoja wa Keringet alisimama mbele ya meza, shuka mabegani.

"Boss, mimi sijapewa blanketi."

"Mathe, komputa inasema ulichukua asubuhi," karani akamwambia.

"Huyo ni mwingine. Tulibatizwa jina moja."

"Jina moja, box moja. Ni wewe."

Nililia kwa hasira, sioni haya kusema. Nilikimbia ofisini nikaleta mistari yangu, nikaiingiza kwenye programu, orodha ikatoka upya, na mama akapata blanketi yake pamoja na wengine wengi waliokuwa wamefutwa. Jioni nikamwandikia bwana mkubwa kisa chote. Safari hii alikubali upesi. Toleo jipya lilipotoka, lilitangaza kwamba programu sasa inaweza kushughulikia "anwani zisizo za kawaida". Nchi nzima, si ya kawaida!

Nilimweleza yule mama habari za bwana huyo nilipomkuta tena kambini, nikidhani tutacheka pamoja.

"Na huko kwao barua hufikaje?" akauliza.

"Wanaletewa mpaka mlangoni. Kila nyumba na mlango wake."

Akavuta blanketi akajifunga vizuri.

"Mwambie hata mimi nilikuwa na mlango," akasema. "Uliungua."