Korongo Niliyemchora kwa Nukta

Wiki iliyopita, kwenye tangazo lililobandikwa ukutani mtaa wa Nakawa, niliiona sura ya Anko Dani, eti mwalimu wa michoro ya gemu. Nilicheka kwa dharau, kisha nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu katika mgahawa wake wa intaneti, mtaa wa Namuwongo.

Chumba kilinuka vumbi la kompyuta zilizopata moto na chapati za jirani. Mashabiki wa gemu moja ya kukimbia na kuruka walikuwa wametengeneza programu ya kumwezesha yeyote kujijengea hatua mpya za kucheza ndani yake. Nilizichorea picha nukta kwa nukta: matofali, matope, na korongo wa jalalani mwenye kipara. Treni ilipopita, meza ilitikisika na korongo akaota shingo ya pili. Nikaifuta taratibu.

Dani, mtu asiyeweza kuchora hata yai, aliinama juu yangu, akaandika jina lake chini ya picha na kuzituma kwa mashabiki wenzake.

"Mbona si jina langu, Anko?"

"We mtoto! Kule wanaandika jina la mwenye kompyuta."

Nikaamini kwamba hiyo ndiyo sheria. Sifa zilipoanza kuingia, alizisoma kwa sauti huku kifua kimemtuna. "Wanasema korongo wangu kama yuko hai!"

Leo najua alikuwa mwizi, tena mwizi mvivu. Lakini alasiri ile nilipiga magoti sakafuni, kama wasichana tulivyofunzwa mbele ya wakubwa, nikamshukuru kwa kuniazima kiti.