Doa Jekundu la Muasya

Hii ni Jumamosi ya pili Muasya hanisalimii. Meza yangu ya kachumbari imegusana na bucha yake hapa soko la Burma miaka kumi na minane, na sasa ananipita kana kwamba mimi Rispa ni gunia la mkaa. Inaniuma, sitaficha.

Bastola aliiombea leseni baada ya majambazi kumfunga kamba ndani ya bucha yake na kumvunja bega kwa nyundo. Tangu hapo aliibeba kiunoni, chini ya koti jeupe la kazi. Bila hiyo bastola Muasya halali. Atakaa kitandani akisikiliza mlango mpaka asubuhi.

Mwaka jana macho yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho. Mkewe Nzisa, Mama Ndindi, akamsihi akapasuliwe, mzee akakataa kata kata.

"Mama Aluoch," aliniambia, "mtu hapeani kisu chake kikanolewe na mgeni. Sembuse macho!"

Aliyemletea dawa ni rafiki yake Gordon, polisi mstaafu aliyefundisha wenzake kulenga shabaha. Alimfungia taa ya leza chini ya mtutu, kidude kidogo kama kiberiti. Huhangaiki tena na kile chuma cha mbele ambacho macho mazee hayakioni. Palipo doa jekundu ndipo risasi itakapokwenda. Tena taa hiyo haibembelezi mtu: mkono ukitetemeka, doa linacheza ukutani na kila mtu anaona. Muasya akawa anajizoeza jioni nyumbani kwake mtaani Huruma, risasi zote zimetolewa, doa kwenye kalenda. Alirudi ujana, akawa hata anapiga miluzi. Kila Jumamosi ubavu wa kwanza kutoka motoni ukawa wa Gordon, kabla ya mteja yeyote.

Kisha ukafika wakati wa kuhuisha leseni, na lazima upige shabaha mbele ya mkaguzi. Gordon ndiye aliyempangia.

"Enda saa sita mchana, mzee. Hiyo saa hakuna laini ya watu."

Akaenda, jua la Januari likiwa utosini. Akainua bastola, akabonyeza taa, akatafuta doa kwenye karatasi. Halikuwepo. Mwanga wa jua ulikuwa umelimeza. Angelenga kwa vile vyuma vya juu, lakini vyuma alishaviacha, na hata hivyo hakuviona. Akatafuta doa, akatafuta, mpaka mkaguzi akamwambia muda umeisha. Hakufyatua hata risasi moja. Bastola ikabaki huko.

Alimkuta Gordon mezani kwangu.

"Omera, ndugu yangu, wewe umefundisha watu miaka thelathini. Hukujua hiyo taa haionekani kwa jua?"

"Nilijua."

"Nani alikutuma?"

Gordon akaziangalia nyanya zangu. "Mama Ndindi."

Muasya akanigeukia. Sijui uso wangu ulisema nini, lakini aliusoma. Ndiyo, nilijua. Nzisa alitueleza mimi na Gordon mpango wa kumtoa bastola mkononi, na mimi nikanyamaza, nikaendelea kumtania kila asubuhi. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku hiyo nguo ilikuwa sisi watatu.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia Nzisa.

"Mngeniambia," Muasya alisema.

"Nilikuambia, Baba Ndindi. Ile jioni nilisimama hapa mlangoni na beseni ya nguo. Hiyo taa yako ilikuwa hapa." Akajishika kifuani. "Ukasema, 'Ona vile imetulia kwa leso!' Ulidhani leso imeanikwa. Nikakuita, ukacheka, ukasema taa ni poa."

"Bastola ilikuwa tupu."

"Najua. Lakini hukuniona."

 Muasya alichukua blanketi, akaenda kukaa sebuleni, akiutazama mlango.

Leo Gordon amekuja. Ubavu wa kwanza ulikwenda kwa mteja mwingine, naye Gordon akajiunga na laini, juani. Zamu yake ilipofika, Muasya akainua uso, akakunja macho, akatabasamu vizuri kabisa.

"Karibu, mteja. Nikukatie wapi?"

 Gordon akasema polepole, "Ni mimi, mzee."

Kisu kikasimama hewani. Tabasamu likaondoka. Muasya alikiweka kisu juu ya gogo, akafuta mikono kwenye koti, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili akanisemesha.

"Mama Aluoch, hudumia rafiki yenu."