Siku Niliyoikata Pua Mpya

Mimi ni fundi wa bodi za magari. Nimenyoosha mabati ya watu karibu na soko la Kibuye tangu nikiwa na nywele kichwani, na sijawahi kumwomba mtu ruhusa ya kushika nyundo. Lakini magari ya umeme yalipoanza kuonekana Kisumu, ndugu yangu mdogo, mwenye diploma na kompyuta ya kupimia magari, alitangaza kwamba hiyo si kazi ya watu wa nyundo. Alisema hivyo mbele ya wateja wangu. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda kunywa.

Basi muuguzi mmoja akaniletea gari lake la umeme, la zamani, lililokuwa limegonga ng'ombe kwenye barabara ya Kombewa. Pua yote ilikuwa imebondeka. Tulitafuta pua ya aina ile tukakosa, tukapata ya toleo jipya, kamili: bampa, taa na boneti. Ndugu yangu akasema haitaingia. Niliiingiza. Siku tatu nilitoboa, nikapinda vishikizo, nikaunganisha taa waya kwa waya, na lile gari kuukuu likapata sura ya ujana.

Mwenyewe alipokuja kulijaribu, alifungua kifuniko cha puani ili achaji, na plagi haikufika. Pua mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani. Tundu la chaji lilibaki ndani kabisa, na ukingo wa plastiki ukaizuia plagi. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa hicho. Sina wa kumsingizia. Sisi watu wa bodi, gari likipendeza macho tunaona tumemaliza.

Habari mbaya haina breki. Ndugu yangu alifika kabla sijafuta jasho.

"Vuta hiyo tundu ikuje mbele," akasema. "Hizo waya za rangi ya machungwa zitafika."

Waya hizo ndizo zinazobeba umeme wa kuua mtu. Sizijui, na sijifanyi nazijua. Nikachukua msumeno.

"Omera, ndugu yangu, utakata kitu mpya?"

"Plastiki naijua."

Akamgeukia muuguzi. "Sista, leta gari kwangu. Huyu ataharibu."

Hapo niliogopa kweli. Gari likienda kwake, Kibuye nzima ingejua kufikia jioni, na mimi ningebaki fundi wa kuziba sufuria. Muuguzi alinitazama vile wanavyomtazama mgonjwa anayeficha ugonjwa.

"Fundi, kesho asubuhi niko zamu Kombewa. Itachaji ama haitachaji?"

"Itachaji."

"Basi kata."

Nilikata. Unga mweusi wa plastiki ulinijaa viatuni, na ndugu yangu akawa anahesabu makosa yangu kwa sauti. Nikamwachia ahesabu. Plagi ikaingia mpaka mwisho, taa za chaji zikawaka. Ule ukingo uliokatwa niliupiga msasa kidogo tu. Yeyote anayetaka kucheka kovu lake, karibu.

Mwezi haukuisha, ndugu yangu akaja na gari la umeme lenye pua mpya kama ile, mteja wake kiti cha mbele, amenuna.

"Omera," akasema polepole, "nikatie hii."

Nilimkabidhi msumeno, nikavuta kiti, nikakaa. Aliinama akaanza kukata mwenyewe, mteja wake akimtazama. Nilifurahi, na mpaka leo sijatubu.