Baragumu la Barzilai Prout

Barzilai Prout wa Dunmarsh alikuwa bingwa wa kuona ishara. Si ishara za mvua, hizo hata kuku anaziona. Yeye aliona dhambi za wenzake. Boga likiota vichwa viwili shambani kwa jirani, basi jirani ana ndimi mbili. Jibini ya mjane ikipasuka, mjane ana jambo analificha. Siku kuku jike wa fundi viatu alipowika kama jogoo, Barzilai alikwenda mbio hadi kwa Mchungaji Crane kueleza kwamba katika nyumba ile mke ndiye anayeamuru. Kuku akachinjwa, mke akakemewa mbele ya kanisa zima, na ile supu sijui aliinywa nani. Lakini maboga yake mwenyewe yalipooza shamba zima, hakuona ishara yoyote. Alisema ni mvua tu. Nyani haoni kundule.

Ibadani alishika fimbo ndefu, ncha moja ina mkia wa mbweha wa kuwapapasa wanawake waliosinzia, ncha ya pili ina kirungu cha kuwagonga wanaume. Kazi aliyoipenda hasa, hata hivyo, ilikuwa baragumu. Kwetu Sabato haingoji asubuhi ya Jumapili. Inaingia Jumamosi jua linapozama, na tangu hapo hakuna kupasua kuni, hakuna kufua, hata ufagio unapumzika. Na mtu aliyepanda kilima cha kanisa kutangaza kwamba jua limezama alikuwa Barzilai.

Sasa sikia roho ya mtu huyu. Alikuwa akilipuliza baragumu jua likiwa bado limekaa juu ya misonobari, kisha anateremka upesi na fimbo yake ili awakute watu na mashoka mikononi.

"Hukusikia baragumu, ndugu?"

"Nimesikia, lakini si jua lile pale?"

"Ahaa! Unabishana na Sabato!"

Basi Jumatatu mtu wa watu yumo mkataleni, miguu imebanwa kwenye mbao, watoto wanamtupia maganda ya tufaha. Na nani angesema kitu? Kusema baragumu limewahi ni kukubali kwamba lilikukuta unafanya kazi. Barzilai alijiambia kwamba anamsaidia Mungu. Kana kwamba Mungu alikuwa na shida ya mpelelezi!

Mchungaji Crane naye alikuwa na elimu yake. Alifundisha kwamba mtoto huzaliwa siku ileile ya juma aliyotungwa mimba. Aliyezaliwa Sabato, maana yake wazazi wake walilala pamoja siku ya Sabato, na mtoto huyo habatizwi mpaka wasimame mbele ya watu wakiri uchafu wao. Upuuzi mtupu, lakini ulisemwa kwa sauti nzito, na sisi tukaitikia. Na aliyempelekea mchungaji habari za nani kazaliwa lini ni nani, kama si Barzilai? Aliwahi kusimama chini ya dirisha la mwanamke mwenye uchungu, ametega sikio. Mtu mzima, na kofia kichwani!

Barzilai mwenyewe alikuwa mjane mwenye binti mmoja tu, Kezia, aliyeolewa na Enoki, fundi wa mapipa. Kama kuna kiumbe alichokipenda duniani, ni huyo. Uchungu ulipomshika Kezia, Jumamosi moja ya vuli, Barzilai alishinda jikoni kwa binti yake. Jua lilipoanza kuinama, Mama Wignall, mkunga, akamwona anachukua kofia.

"Unakwenda wapi, mzee? Mjukuu yuko mlangoni."

"Sabato inaingia."

"Sabato gani? Jua lenyewe hilo linanichoma macho!"

"Fanya kazi yako, mama, na mimi nifanye yangu."

Akapanda kilima. Huko juu akamwona yule mjane wa jibini bado anaanika nguo uani, na mate yakamjaa kinywani. Alipuliza hapo hapo, bila kufikiri, kama alivyozoea. Alikuwa ameanza tu kuteremka kumkamata mjane aliposikia mtoto analia nyumbani kwa Kezia. Akageuka kutazama nyuma. Jua lilikuwa pale pale, zima, jekundu, halijagusa hata ncha ya msonobari. Roho ikamruka.

Mama Wignall alimpokea mlangoni. "Mvulana," alisema. "Lakini kifua chake hakinipendezi hata kidogo. Kesho abatizwe. Msingoje."

Asubuhi Enoki alisimama mbele ya kanisa na mtoto ndani ya blanketi. Mtoto alikuwa akikoroma kama birika. Kezia alikuwa amebaki kitandani.

"Kazaliwa lini?" Mchungaji Crane aliuliza.

"Jana, Mchungaji. Kabla jua halijazama."

"Kabla ya baragumu au baada yake?"

Enoki akamtazama mtoto. "Baada."

Watu wakaguna. Mama Wignall akainuka kutoka upande wa wanawake, jambo ambalo halifanyiki kwetu. "Jua lilikuwa linampiga mtoto usoni! Mimi ndiye niliyemshika!"

"Keti, mama. Mlinzi wa saa ya Bwana yupo." Mchungaji akamgeukia mzee mwenye fimbo. "Ndugu Barzilai, ulipopuliza, jua lilikuwa limezama?"

Alihitaji neno moja tu. Angesema "bado," na maji yangemwagwa juu ya kile kichwa kidogo. Lakini angesema "bado," kila mtu aliyewahi kukaa mkataleni angekumbuka jua lake, na Jumatatu mkataleni angekaa yeye, na maganda ya tufaha. Aliyafikiria maganda. Mjukuu wake anakosa pumzi, na yeye anafikiria maganda!

"Baba mkwe," Enoki akasema polepole. "Sema tu."

"Lilikuwa limezama," akasema Barzilai.

Enoki akaambiwa akiri. Akakataa kukiri dhambi ambayo hakuitenda, akamfunika mtoto kwa koti lake, akatoka nje. Mtoto hakumaliza juma. Walimzika kando ya uzio, nje ya makaburi ya watu, bila jina, maana kwetu jina hutamkwa kwenye ubatizo. Barzilai alisimama pale kofia mkononi, na wazee walipomuuliza msiba huu una maana gani, alijibu kwamba ni ishara. Ishara ya nini, hakusema. Mtu wa kusoma mpaka nyufa za jibini! Siku hiyo alikuwa hajui kusoma.

Jumamosi iliyofuata alipanda kilima kama kawaida. Safari hii baragumu lilikaa kimya. Jua likagusa misonobari, likaingia ndani yake, likapotea, na msitu ukawa mweusi. Ndipo akapuliza. Watu waliokuwa wamekwisha kaa ndani wakimngoja walitazamana.

Alipoteremka, njia nzima ilikuwa kimya isipokuwa shoka lililokuwa likilia uani kwa Kezia. Alikuwa amesimama mwenyewe, uso mweupe kama unga, hata hajarudiwa na nguvu baada ya kuzaa, anapasua kuni. Nyuso zilikuwa zimejaa madirishani.

"Kezia, mwanangu. Baragumu limelia."

"Nimelisikia, baba." Akapasua gogo jingine. "Leo umechelewa."

Barzilai akasogea hatua moja.

"Ungechelewa hivi Jumamosi ile, ningekuwa nimezika mtoto mwenye jina." Akaliegemeza shoka kwenye gogo, akamnyooshea mikono yote miwili. "Haya, nimevunja Sabato mbele yako na mbele ya watu. Nipeleke kwa mchungaji. Nitamweleza jua lilikuwa wapi."

Mzee aliitazama ile mikono, akayatazama madirisha. Akahamisha fimbo kutoka bega hili hadi bega lile, akapita kando ya uzio kama mtu ambaye hakuona chochote. Nyuma yake shoka likaanza tena.

Kesho yake alikuwa ibadani, amesimama mahali pake, akiwapapasa waliosinzia kwa mkia wa mbweha.