Harusi Isiyo na Simu

Ukimuuliza Nasriya leo anamshukuru nani zaidi ukiwatoa wazazi wake, atakutajia mwanamke aliyempokonya simu. Huyo ni Bi Hamdiya, shangazi wa bibi harusi mmoja wa Azaiba. Kila Idi Nasriya humpelekea halwa kwa mkono wake mwenyewe, ingawa siku ile ya kupokonywa alimwona ndiye mkorofi wa kwanza Maskati nzima.

Nasriya ni karani wa benki Ruwi, mtoto wa Waomani waliorudi kutoka Unguja, mcheshi na mkarimu, na ubishi wake ni wa kurithi. Ana binti mmoja, Nawar, wa miaka tisa, ambaye Mungu amemjaalia sauti. Mambo yalianza kwa mzaha: mtoto alikuwa akiimba jikoni wakati mama anakaanga sambusa, mama akamrikodi, akairusha mtandaoni. Watu wakampenda. Wakaomba nyengine, na nyengine tena. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila hapa aliyesifiwa ni mtoto na aliyelewa ni mama.

Ikawa kila wikendi, wenzake wakicheza nje, Nawar yuko sebuleni kwao Khuwair ya Kusini, kavishwa nguo iliyodariziwa, anarudia ubeti uleule mpaka utoke vizuri. Nasriya alisimama mbele yake na simu imemziba uso. Akiinua kidole, Nawar atabasamu. Akikizungusha, Nawar ageuke. Mtoto akikosea, wanaanza upya. Siku moja mumewe, Marhoon, aliguna, "Mwache mtoto apumue, bibi weye." Akajibiwa kuwa kipaji kisipolelewa hufa. Marhoon hapendi ugomvi. Akarudi kutazama mpira wake.

Kisha akapiga simu Samir, mtu wa kampuni ya matangazo. Alitaka vipindi vifupi vya Ramadhani, kila usiku kimoja, na Nawar ndiye wa kuviimba vyote. Kazi ingeanza Jumamosi asubuhi, studio, na ingeendelea kila siku baada ya skuli hadi vipindi viishe. "Acheke vilevile anavyocheka," Samir alisisitiza. "Watu wameshazoea." Nasriya alikubali kabla Samir hajamaliza sentensi. Sauti ya Nawar ilikuwa imeanza kukwaruza siku zile, lakini mama akamnywesha tangawizi na asali, akasema itakaa sawa.

Ijumaa, usiku wa kuamkia kazi hiyo, kulikuwa na harusi ya Manal, binti wa jirani yao wa zamani, kwenye ukumbi wa Azaiba. Nasriya akaona Mungu kamletea mazoezi: Nawar ataimba, yeye atarikodi, na Samir ataletewa kipande usiku uleule.

Kumbe mlangoni yuko Bi Hamdiya na foronya ya mto. Ilikuwa harusi ya wanawake, watu wamevua mabuibui, wamejipamba, vichwa wazi, na Manal hakutaka picha ya mgeni yeyote itoke nje. Kila simu ilitiwa ndani ya foronya ile.

"Shangazi, mie nna mtoto anaimba," Nasriya alijitetea.

"Naaimbe, mwanangu. Sie masikio tunayo."

"Nnataka nimrikodi tu, sitompiga picha mtu mwengine."

"Wallahi hata mama wa bibi harusi keshatoa yake. Lete."

Akaitoa, akaingia ndani amenuna, hata biriani hakuionja.

Nawar alipoitwa, alipanda jukwaani na maikrofoni mkononi, akaanza kuitafuta simu kwa macho. Hakuiona. Aliuona uso wa mama yake. Nasriya, kwa mazoea tu, akainua kidole.

Mtoto akatabasamu papo hapo, kama taa iliyowashwa. Nasriya aliuona uso ule bila kioo cha simu katikati, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Midomo ilicheka. Macho yalikuwa yakiomba. Akakishusha kidole, na tabasamu likazimika.

Nawar akaanza kuimba, na katika ubeti wa kwanza sauti ikamkatika. Akanyamaza, ametoa macho, anangoja kuambiwa aanze upya. Hakuna aliyemwambia. Kikapigwa kigelegele kule nyuma, kikajibiwa na cha huku mbele, na Bi Hamdiya akaudaka wimbo palepale ulipoangukia, kwa sauti ya kupinda kweli kweli, na ukumbi mzima ukamfuata. Walimwimbia mtoto mpaka mwisho. Nasriya alipanda jukwaani, akambeba mwanawe ingawa miguu ilikuwa inaning'inia, akashuka naye.

Hakuna aliyerikodi. Sauti ile iliyokatika haikuwahi kuchekwa na mtu yeyote popote duniani, na hilo Nasriya hulishukuru mpaka leo.

Walipotoka alirudishiwa simu yake. Samir alikuwa amepiga na kupiga. Nasriya akamwingiza Nawar kiti cha nyuma, akampigia Samir akiwa hajawasha gari.

"Hatuji kesho. Wala siku nyengine."

"Dada, watu wanamsubiri!"

"Watu watampata mwengine wa kumtazama. Mie nnaye huyu tu."

Akakata. Akawasha gari, wakafika barabara kubwa.

"Mama," Nawar akaita, "kweli hatwendi?"

"Kweli, mwanangu."

"Basi sasa nnaweza kusema koo linaniuma?"

Nasriya aliegesha gari pembeni. "Linakuuma tangu lini?"

"Tangu skuli zilipofunguliwa. Nlikuwa nameza mate kwanza, halafu naimba."

Wakapitiliza moja kwa moja hospitali. Daktari alimchungulia, akasema nyuzi za sauti zimevimba kwa kulazimishwa, na kwamba zitapona zikipumzishwa. Wangekawia zaidi, asingethubutu kuahidi. Nasriya alilia palepale hospitalini mbele za watu, bila haya. Alilia kwa uchungu wa aliyoyafanya, lakini zaidi alimshukuru Mungu kwamba mtoto, baada ya yote yale, bado alikuwa tayari kumwambia mama yake panapomuuma.